Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kila Timu ya Besiboli Marekani Ina Wachezaji wa Kutoka Ng'ambo

Barua tulizopokea safari hii kuhusu besiboli zinagusa jambo moja, nalo ni wachezaji waliozaliwa nje ya Marekani ambao sasa wamo katika kila timu ya ligi kuu ya nchi hiyo, MLB. Nimechagua sita na kuzifupisha palipolazimu. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Nilimsikia mtangazaji akisema kwamba wachezaji wa kigeni katika MLB wanaongezeka kila mwaka na kwamba si muda mrefu watafikia nusu. Je, takwimu zinasema hivyo?

JIBU: Hapana, hazisemi hivyo. Ligi hiyo ina timu 30, ambapo 29 ni za Marekani na moja ni ya Toronto, Kanada, na kila msimu unapoanza hutoa hesabu ya wachezaji waliozaliwa nje ya majimbo 50 ya Marekani. Mwaka 2024 walikuwa 264 kati ya 949, yaani asilimia 27.8, nao walitoka katika nchi na maeneo 19. Jamhuri ya Dominika peke yake ilitoa 108, Venezuela 58 na Kuba 18. Kiwango cha juu zaidi kuwahi kutajwa hadi hapo kilikuwa asilimia 29.8 mwaka 2017, na rekodi iliyovunjwa mwaka huo ilikuwa asilimia 29.2 ya mwaka 2005.

Ukizipanga tarakimu hizo kwa miaka utaona kwamba ongezeko kubwa lilitokea mapema zaidi ya vile mtangazaji huyo alivyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachezaji hao hawakufika hata moja ya tano, lakini kufikia 2005 walikuwa wamekaribia watatu katika kila kumi, na tangu hapo idadi imekuwa ikipanda kidogo na kushuka kidogo bila kuvuka kiwango hicho. Ongezeko lipo, ila ni la vizazi viwili au vitatu.

Yapo mambo mengine mawili ambayo msomaji makini atapenda kuyafahamu. Hesabu ya ligi huwajumuisha wachezaji wa Puerto Rico, ingawa watu wa kisiwa hicho ni raia wa Marekani tangu 1917, kwa hiyo kusema "waliozaliwa nje ya majimbo 50" ni sahihi zaidi kuliko kusema "wageni". Aidha, hesabu hiyo haigusi ligi ndogo, ambako klabu huwalea vijana wao kwa miaka kadhaa kabla ya kuwapandisha, na huko sehemu ya waliotoka ng'ambo ni kubwa zaidi.

SWALI: Kwa nini nchi ndogo kama Jamhuri ya Dominika, yenye watu wapatao milioni 11, itoe wachezaji wengi kuliko mataifa makubwa mara kumi yake? Je, ni kipaji cha asili?

JIBU: Kipaji kipo kila mahali duniani. Kinachotofautiana kati ya nchi na nchi ni njia ya kukifikia na gharama ya kukinunua, na kwa Jamhuri ya Dominika njia hiyo ilianza kuchongwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mchezo huu uliingia kisiwani humo mikononi mwa Wakuba, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vya kudai uhuru vilivyoanza Kuba mwaka 1868, ambao walikuja na ujuzi wa kilimo cha miwa pamoja na mpira wao. Viwanda vya sukari vilipoenea katika pwani ya kusini mashariki, mji wa San Pedro de Macorís ulijaa wafanyakazi, wakiwemo waliotoka visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza ambao walikuwa wamekulia kwenye kriketi. Watu waliozoea kupiga mpira kwa kibao na kuudaka kwa mikono mitupu hawakuhitaji kufundishwa mengi. Viwanda vikaunda timu, timu zikaleta ushindani, na katika vizazi vilivyofuata mji huo ukawatoa Sammy Sosa, Alfonso Soriano, Robinson Canó na wengine wengi.

Hata hivyo, historia ya sukari inaeleza tu kwa nini vijana hao walijua kucheza. Kwa nini walisajiliwa kwa wingi kiasi hiki ni habari inayohusu sheria na fedha.

Mwaka 1947 Jackie Robinson aliingia Brooklyn Dodgers na kuuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia nje wachezaji weusi kwa zaidi ya nusu karne. Tunamkumbuka kwa Wamarekani weusi, na ni haki, lakini mlango ule ule ndio uliokuwa umefungwa kwa Wakuba, Wadominika na Wapuerto Rico wenye ngozi nyeusi. Martín Dihigo wa Kuba, ambaye aliweza kucheza karibu kila nafasi uwanjani, hakuruhusiwa kamwe kucheza ligi kuu, ilhali Wakuba wenye ngozi nyeupe waliingia. Miaka tisa baada ya Robinson, Ozzie Virgil akawa Mdominika wa kwanza kucheza katika ligi kuu, akiwa na New York Giants.

Wakati huo chemchemi kubwa ilikuwa bado Kuba. Skauti, yaani mtafuta vipaji, wa Washington Senators, Joe Cambria, aliwasajili Wakuba kwa bei ambayo hakuna kijana wa Marekani angeikubali, na tangu siku hizo unafuu wa bei umekuwa sehemu ya hadithi hii. Serikali ya Fidel Castro ilipofuta michezo ya kulipwa mwaka 1961, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukavunjika, chemchemi hiyo ikazibwa, na klabu zikageukia kisiwa jirani.

Kisha likaja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1965 ligi ilianzisha mfumo wa uteuzi wa kila mwaka, ambamo klabu huchagua vijana kwa zamu, na kijana aliyechaguliwa hawezi kufanya mazungumzo na klabu nyingine. Mfumo huo ulihusu vijana wa Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukapanuliwa hadi Puerto Rico na Kanada. Kijana wa Dominika au Venezuela hakuguswa nao. Klabu yoyote inaweza kumfuata na kumsajili akiwa na umri wa miaka 16. Fikiria hesabu ya mkurugenzi wa klabu. Akitumia fedha kumlea kijana wa California kwa miaka mitano, klabu nyingine inaweza kumchagua siku ya uteuzi, na fedha zake zimepotea. Akifanya hivyo Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, kijana ni wake. Ndiyo sababu Dodgers walifungua kituo chao cha Campo Las Palmas mwaka 1987, na ndiyo sababu leo klabu zote 30 zina akademia katika Jamhuri ya Dominika, zenye viwanja, mabweni na walimu, ilhali hakuna klabu inayojenga kituo cha namna hiyo kwa ajili ya watoto wa mji wake yenyewe.

Puerto Rico inathibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Kisiwa kilichomtoa Roberto Clemente, aliyefikisha mipigo 3,000 na kufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka msaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi la Nikaragua, kilikuwa na wachezaji 17 tu mwanzoni mwa msimu wa 2024. Wapuerto Rico wengi wanaamini kwamba kuingizwa katika uteuzi kuliziondolea klabu kila sababu ya kuwekeza kwao, nami naona wana haki kuamini hivyo.

Kuhusu viza, hadi mwishoni mwa 2006 mchezaji wa kigeni wa ligi ndogo alitumia viza ya mfanyakazi wa msimu, ambazo ukomo wake ulikuwa 66,000 kwa mwaka na ziligombaniwa na hoteli, mashamba ya miti na waajiri wengine. Sheria ya Desemba 2006 iliwahamishia wachezaji hao katika aina ya viza isiyo na ukomo huo. Haikubadili sana sehemu yao katika ligi kuu, kwa kuwa nafasi za juu ni zile zile, wachezaji 26 kwa kila timu, lakini ilizipa klabu uhuru wa kusajili vijana wengi zaidi wa kujaribiwa.

SWALI: Naipenda besiboli tangu nikiwa shuleni, lakini naumia ninapoona Wamarekani weusi wakipungua uwanjani. Je, si kweli kwamba nafasi zao zimechukuliwa na wageni? Na je, kwa nini ligi isiweke kikomo kama zinavyofanya nchi nyingine?

JIBU: Maumivu yako yana msingi. Mwaka 1981 Wamarekani weusi walikuwa asilimia 18.7 ya wachezaji wa ligi kuu. Mwanzoni mwa msimu wa 2024 walikuwa asilimia 6.0. Lakini kusema kwamba wageni wamewaondoa ni kumlaumu mtu aliyeingia kwa mlango aliofunguliwa, badala ya kumuuliza mwenye nyumba kwa nini alifunga mlango mwingine.

Mlango huo mwingine umefungwa polepole na kwa njia nyingi. Besiboli ya vijana nchini Marekani imehama kutoka viwanja vya mitaa na kuwa mchezo wa timu za kusafiri, ambazo mzazi hulipia ada, vifaa, makocha binafsi na hoteli, na familia isiyo na fedha hubaki pembeni kabla mtoto hajafika umri wa kuonekana na skauti. Anayefika chuo kikuu hukuta kwamba kwa miaka mingi timu ya besiboli katika daraja la juu ilikuwa na ufadhili wa wanafunzi 11.7 tu, uliogawanywa vipande vipande kwa kikosi kizima, wakati ambapo mpira wa kikapu na ule wa Kimarekani hutoa ufadhili kamili. Kisha raundi za uteuzi zilipunguzwa kutoka 40 hadi 20 kuanzia 2021, jambo lililomwondoa kijana ambaye zamani angechaguliwa mwishoni na kupewa muda wa kukomaa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoamuliwa na Mdominika.

Zaidi ya hayo, wengi wa wachezaji wa Karibea ni weusi. Ukimtazama Pedro Martínez au David Ortiz, wote wawili wakiwa katika Jumba la Umaarufu la Cooperstown linaloenzi magwiji wa besiboli, unamwona mtu ambaye kabla ya 1947 asingeruhusiwa kukanyaga uwanja wa ligi kuu. Asilimia 6.0 haiwahesabu watu hao. Kwa hiyo weusi hawajatoweka katika besiboli. Kilichopungua ni watoto weusi wa Marekani, na hilo linahitaji tiba yake.

Kuhusu kikomo: ni kweli kwamba timu ya ligi ya kulipwa ya Japani haiwezi kuchezesha zaidi ya wageni wanne katika mchezo mmoja, na Korea Kusini nayo huwawekea wageni idadi maalumu. Ligi hizo zinalinda wachezaji wa nyumbani dhidi ya soko lenye fedha nyingi zaidi. MLB ndiyo soko lenyewe, na inauza tiketi kwa kuahidi kwamba bora wote wako hapo. Sioni ingetoa hoja gani ya kumfungia nje mpigaji aliye bora kuliko mwenzake kwa sababu ya mahali alipozaliwa.

SWALI: Mnatuandikia juu ya mamilioni ya dola wanayolipwa nyota. Je, wale vijana wa miaka 16 ambao hawafiki huko huwa wanakuwaje?

JIBU: Nashukuru kwamba umeuliza, kwa sababu magazeti hutaja mkataba wa Juan Soto, Mdominika aliyesaini na New York Mets kwa dola milioni 765 za miaka 15 mwezi Desemba 2024, na mara chache huwataja waliosajiliwa pamoja na watu kama yeye kisha wakarudishwa nyumbani.

Safari ya kijana huanza kabla ya akademia. Akiwa na umri wa miaka 12 au 13 huchukuliwa na mkufunzi binafsi, wanaoitwa kule buscones, ambaye humlisha, humpa malazi, humfundisha na kumwonyesha kwa maskauti, kwa makubaliano kwamba siku ya kusaini atachukua sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 30 au zaidi. Baadhi ya wakufunzi hawa ni watu waaminifu wanaofanya kazi ambayo serikali wala klabu hazikuifanya. Baadhi yao wamewadunga watoto dawa za kuongeza nguvu, na wengine wamebadilisha vyeti vya kuzaliwa, kwa kuwa mpigaji wa miaka 16 ana thamani kubwa kuliko yule yule akiwa na 19. Udanganyifu ulizidi hadi ligi ikaanza kuchunguza nyaraka za familia nzima na kupima vinasaba. Kinyume na kanuni, klabu nazo zimezoea kufikia makubaliano ya mdomo na watoto ambao hawajafika umri wa kusaini, na ikitokea klabu imebadili nia, mtoto hana karatasi ya kumtetea na wanunuzi wengine wameshatumia fedha zao.

Shule ndiyo inayotupwa kwanza. Mtoto anayefanya mazoezi asubuhi na jioni akiwa na miaka 13 haendi darasani, na akiachwa akiwa na 20, baada ya misimu miwili mitatu katika ligi ya kiangazi ya Dominika, anarudi kwao na elimu ya mtoto. Wanaofika ligi kuu ni wachache sana katika kila kundi linalosajiliwa. Klabu kadhaa siku hizi huwasaidia vijana wa akademia kumaliza sekondari, na ninazipongeza, lakini kijana aliyeachwa kabla hajasajiliwa hayumo katika mpango wowote.

Tazama pia bei. Sammy Sosa alisajiliwa mwaka 1985 kwa dola 3,500. Malipo yamepanda mno tangu hapo, lakini makubaliano ya kazi yaliyoanza kutumika 2017 yaliweka ukomo mgumu kwa fedha ambazo kila klabu inaweza kuwapa chipukizi wote wa kimataifa kwa mwaka. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates walimsainisha mrushaji Paul Skenes, chaguo la kwanza la uteuzi, kwa dola milioni 9.2, ilhali fungu la msingi la klabu yoyote kwa vijana wake wote wa kimataifa mwaka huo halikufika dola milioni 7. Kijana mmoja wa Marekani alilipwa zaidi ya kikundi kizima cha vijana wa Karibea na Amerika Kusini. Klabu haihitaji kuwa katili ili kuendelea kwenda huko. Inatosha ijue hesabu.

Ligi imependekeza kwamba chipukizi wa kimataifa nao waingizwe katika mfumo wa uteuzi, ikidai kwamba makubaliano ya siri na watoto yangekoma. Chama cha wachezaji kilikataa mwezi Julai 2022. Binafsi naona chama kilifanya sawa, kwa kuwa uteuzi ungemwondolea kijana haki pekee aliyonayo, ya kuchagua anayemlipa vizuri, na mfano wa Puerto Rico uko wazi kwa kila mtu. Lakini kukataa pekee hakumsaidii mtoto wa miaka 13. Umri wa kusaini upandishwe hadi 18, klabu inayovunja kanuni ya umri inyang'anywe nafasi ya kusajili kwa miaka kadhaa, na kila mkataba uwe na fungu la masomo ambalo kijana atalipata akiachwa, siku hiyo hiyo anapoachwa.

SWALI: Je, Wajapani nao hupitia akademia? Mbona wao huonekana wakifika wakiwa tayari ni nyota?

JIBU: Hawapitii. Japani ina ligi yake ya kulipwa yenye hadhi, na mchezaji hufika Marekani akiwa mtu mzima aliyekwisha kupimwa. Masanori Murakami alitangulia mwaka 1964 na San Francisco Giants, kisha ikapita miaka thelathini bila Mjapani mwingine hadi Hideo Nomo alipotua Dodgers mwaka 1995. Tangu 1998 upo utaratibu ambao klabu ya Japani humruhusu mchezaji aliye bado chini ya mkataba kufanya mazungumzo na klabu za Marekani, nayo ikalipwa fidia. Ichiro Suzuki alipitia humo na kuanza na Seattle mwaka 2001. Mwaka 2025 akawa Mjapani wa kwanza kuingia Jumba la Umaarufu.

Angalia tofauti: klabu iliyomlea Mjapani hulipwa, ilhali mtaa uliomlea Mdominika haulipwi. Hata hivyo, sheria ya chipukizi inawagusa Wajapani pia wakiondoka kabla ya kufikisha miaka 25. Shohei Ohtani aliondoka mapema mwishoni mwa 2017, akapokea dola milioni 2.3 tu za kusaini na Los Angeles Angels, wakati ambapo klabu yake ya zamani ilipata milioni 20. Miaka sita baadaye Dodgers walimpa mkataba wa milioni 700.

SWALI: Je, yupo Mwafrika aliyewahi kufika MLB?

JIBU: Wapo, tena wa karibuni. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia katika klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa akifanya kazi, wakiishi katika chumba kimoja humo humo. Alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapambana katika ligi ndogo kwa zaidi ya miaka minane, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi kuu. Alipoingia kupiga kwa mara ya kwanza, mrushaji alikuwa Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa wazoefu wa ligi, na Ngoepe alifanikiwa kupiga na kufika kituo cha kwanza. Mrushaji Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, alifuata mwaka 2019. Tangu 2022 klabu za Marekani, Dodgers wakiwa miongoni mwao, zimeanza kusajili vijana kutoka Uganda, na wazazi wa vijana hao wana haki ya kuuliza, kabla ya kutia saini, yale yote yaliyoulizwa na msomaji wetu wa barua ya nne.